Sheria na Wasomaji: Mtaalamu Akishasema, Hakimu Hubaki na Kazi Gani?

Toleo lililopita tuligusia, kwa aya chache, utafiti wa Profesa Brandon Garrett wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, mwanazuoni wa sheria ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichunguza namna ushahidi wa sayansi ya jinai unavyotolewa na kupokelewa mahakamani. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko tulivyotazamia, nyingine za kuuliza na nyingine za kulalamika. Tumechagua saba, tukazifupisha, na wakili wetu wa safu hii, aliyewahi kufundisha sheria ya ushahidi, anazijibu. Majina hatukuyachapa kwa sababu baadhi ya waandishi wana mashauri yanayoendelea.

Ndugu wakili, mmeandika kwamba profesa huyu alisoma kesi za watu waliofungwa kimakosa akakuta wataalamu wamechangia. Sisi tuliofundisha watoto kwamba sayansi haina upendeleo tumeshangaa. Alisoma nini hasa, na alikuta nini? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Nianze na alichosoma, kwa sababu uzito wa kazi yake uko hapo. Tangu 1989 Marekani imekuwa ikiwaachia watu waliokwisha kuhukumiwa, wengine wakiwa wanasubiri kuuawa, baada ya kipimo cha vinasaba kuonyesha kwamba si wao waliotenda kosa. Magazeti yalizipokea habari hizo kwa namna yalivyozoea: mtu katoka gerezani, mama kamkumbatia, picha ikapigwa, kesho yake habari nyingine. Garrett aliuliza swali ambalo mwandishi wa habari hana muda nalo: kama mtu huyu hakutenda, ni maneno gani yaliyomtia hatiani, yalisemwa na nani, na nani alikuwa amekaa pale akayasikia asiyapinge?

Kulijibu swali hilo kunahitaji mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya kila swali na kila jibu, kwa kuwa hukumu hukuambia tu kile ambacho mahakama ilikiamini. Akishirikiana na Peter Neufeld, mmoja wa waanzilishi wa Innocence Project ya New York, shirika linalowatetea waliofungwa kimakosa, alikusanya mienendo ya kesi za watu 137 ambao upande wa mashtaka ulikuwa umeleta mtaalamu wa sayansi ya jinai dhidi yao, na ambao baadaye vinasaba viliwafutia hatia. Matokeo yalichapishwa 2009. Katika kesi 82 kati ya hizo 137, sawa na asilimia 60, mtaalamu alikuwa ameieleza mahakama jambo ambalo sayansi yake haikuweza kulibeba. Waliofanya hivyo walikuwa wataalamu 72, kutoka maabara na hospitali 52, katika majimbo 25.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalia kichwani. Kashfa ya maabara inapozuka popote duniani, wakubwa husimama na kusema ni mtu mmoja tu aliyekosa uadilifu, naye amekwisha kuchukuliwa hatua. Wataalamu 72 waliotawanyika katika majimbo 25 hawawezi kuwa mtu mmoja aliyekosa uadilifu.

Naongeza tahadhari moja, mwalimu, maana naona watu wameanza kuitumia asilimia 60 vibaya. Kesi zile hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa kesi zote. Ni za watu ambao tayari tunajua hawakuwa na hatia. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba wataalamu wa Marekani hukosea mara 60 katika kila kesi 100. Unachoweza kusema ni kwamba pale mahakama ilipomfunga asiye na hatia kwa msaada wa mtaalamu, mara nyingi maneno ya mtaalamu yalikuwa yamezidi kipimo chake, na mawakili wa utetezi, ambao wengi wao hawakuwa na mtaalamu wa upande wao, kwa nadra sana walisimama kuuliza.

Mheshimiwa, mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya mkoa. Nikipima kundi la damu nikasema ni B, ni B. Makala yenu inatuchafua wanamaabara. Kama kipimo ni sahihi, kosa la mtaalamu liko wapi? (Mteknolojia, Dodoma)

Ndugu yangu, kipimo chako sikitilii shaka, na utafiti ule pia haukusema kwamba wataalamu wale wote walikosea kupima. Wengi walipima sawasawa. Kosa lilianza walipofungua kinywa kueleza maana ya kipimo.

Chukua kesi ya Gary Dotson, kijana wa Illinois aliyehukumiwa 1979 kwa ubakaji ambao, kama ilivyokuja kujulikana, haukutokea. Msichana aliyemshtaki alijitokeza mwenyewe 1985 akakiri kwamba alitunga, baadaye kipimo cha vinasaba kikamwondoa kijana, na 1989 hatia ikafutwa. Katika kesi ya awali mtaalamu wa maabara alieleza kwamba doa lililochunguzwa lilionyesha kundi B, kwamba Dotson naye ni B, na kwamba wanaume wa namna hiyo ni karibu mmoja tu katika kila kumi. Alichokiacha ni kwamba msichana mwenyewe pia alikuwa kundi B. Wewe unayeifanya kazi hii unaona mara moja kilichoharibika. Doa lina majimaji ya watu wawili, na ile B inaweza kuwa yote ya msichana. Mwanamume angeweza kuwa wa kundi O, au mtu ambaye mwili wake hautoi viashiria vya kundi la damu katika majimaji mengine, au, ikiwa majimaji ya msichana yalizidi hata yakafunika ya mwanamume, wa kundi lolote lile. Pale palipotakiwa kusemwa "sikuweza kumwondoa mwanamume yeyote" pakasemwa "mmoja katika kumi". Kosa la aina hiyo halikuwa la nadra: kati ya kesi 100 za vipimo vya damu na majimaji ya mwili katika utafiti ule, 57 zilikuwa na kasoro.

Nywele nazo zina kisa chao. Kwa miongo mingi wachunguzi wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, walilinganisha nywele kwa hadubini, wakafika mahakamani kueleza jinsi ilivyo vigumu nywele za watu wawili zifanane. FBI yenyewe ilipokubali kupitia upya kesi za zamani, taarifa ya 2015 ilieleza kwamba katika kesi 268 ambazo ushahidi wa nywele ulitumika kumbana mshtakiwa, 257 zilikuwa na maelezo yenye makosa. Katika kesi hizo 268, washtakiwa wasiopungua 35 walikuwa wamehukumiwa kifo.

Lugha yetu inatusaidia kuliona tatizo vizuri. Miaka mingi iliyopita, katika mahakama moja ya wilaya, nilisikiliza shauri la wizi ambamo ripoti ya uchunguzi ilisema nyuzi zilizokutwa dirishani "zinafanana" na za koti la mshtakiwa. Mwendesha mashtaka aliposimama kufanya majumuisho alisema nyuzi hizo "zinalingana" na za koti. Hukumu iliposomwa, nikiwa nimekaa benchi la tatu na kalamu mkononi, nilisikia kwamba nyuzi hizo "ni za" koti la mshtakiwa. Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi, na hakuna kipimo kipya kilichofanyika kati ya neno la kwanza na la tatu. Niliyaandika maneno hayo matatu kwenye jalada la daftari langu, na nimeyatumia kufundishia tangu siku hiyo.

Kuhusu heshima ya wanamaabara, nakuomba unisikilize kidogo. Wewe hospitalini unapokea sampuli za udhibiti wa ubora kutoka nje, unazipima, na majibu yako yanalinganishwa na ya maabara nyingine. Garrett analalamika kwamba nchini mwake maabara inayopima koo la mtoto mwenye mafua inasimamiwa kwa ukali kuliko maabara ambayo majibu yake yanaweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Mfano anaousifu ni kituo cha sayansi ya jinai cha Houston, Texas, ambako sampuli za majaribio huchanganywa kimyakimya na za kesi halisi, mchunguzi asijue ipi ni ipi. Nadhani hapo wewe na yeye mko upande mmoja.

Mimi ni mfanyabiashara. Nilipokwenda kusajili laini ya simu niliweka kidole tu, mashine ikanitambua papo hapo. Inakuwaje basi mtaalamu wa polisi akosee alama za vidole? (Msomaji, Kariakoo)

Ulipoweka kidole, mashine iliulizwa swali jepesi: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii ya kitambulisho cha taifa? Kidole kilikuwa kikavu, umekibana sawasawa kwenye kioo, na kumbukumbu ya kulinganisha nayo ilikuwa moja. Kama ingeshindikana, kijana wa kibandani angekwambia ufute jasho na urudie.

Mchunguzi wa eneo la tukio hana anasa hiyo. Anapewa alama iliyoachwa kwenye mfuko wa plastiki na mtu aliyekuwa na haraka. Nusu imefutika, upande umepinda kwa sababu kidole kiliteleza, na haiwezekani kumwambia mwenyewe arudie. Kisha anaulizwa: kati ya mamilioni ya watu waliomo kwenye hifadhi, huyu ni nani? Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: kadiri hifadhi inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo inavyozidi kuwa rahisi kupata mtu ambaye kidole chake kinakaribia kufanana na kile kipande, hali si chake.

Hayo yalimfika Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Tarehe 11 Machi 2004 treni zililipuliwa Madrid na watu zaidi ya 190 wakafa. Polisi wa Hispania walikuta alama ya kidole kwenye mfuko uliokuwa na viwashio vya mabomu, wakaisambaza. Kompyuta ya FBI ilitoa watu 20 wanaokaribiana, Mayfield akiwa wa nne. Mchunguzi mmoja akasema ni yeye. Wa pili akakubali. Wa tatu, mstaafu mwenye uzoefu mkubwa, akakubali. Wahispania walieleza mapema kwamba wao hawaoni ulinganifu huo, lakini FBI haikurudi nyuma. Mayfield alikamatwa Mei 6. Mahakama ilimteua mtaalamu huru, naye huyo pia akasema alama ni ya Mayfield, na siku hiyohiyo Wahispania wakatangaza kwamba wamempata mwenye kidole, raia wa Algeria. Baadaye serikali iliomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Wataalamu wanne, na wote wamekosea kwa namna ileile! Ingekuwa rahisi kusema walikuwa wazembe, ila uchunguzi wa baadaye ulionyesha kitu kinachotisha zaidi: baada ya kuamini kwamba ni yeye, walianza kuziona kwenye ile alama ya mfuko chembechembe walizokwisha kuziona kwenye kidole cha Mayfield. Aliyefuata alijua aliyetangulia amesema nini. Mtafiti Itiel Dror na wenzake walilijaribu jambo hili kwa ujanja mzuri. Waliwapa wataalamu watano alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walikuwa wamezitolea uamuzi kwamba zinalingana, ila wakawaambia kwamba hizi ndizo zile za kosa la Madrid. Wanne kati ya watano walibadili uamuzi wao wenyewe, na vidole ni vilevile.

Simaanishi kwamba alama za vidole ni ramli. Ripoti ya washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani ya 2016 ilikubali kwamba njia hii ina msingi wa kisayansi. Ilichokataa ni ule usemi wa zamani kwamba haikosei kamwe: kwa utafiti mmoja, kiwango cha kumtaja mtu asiyehusika kinaweza kufikia mara 1 katika 306, na kwa mwingine mara 1 katika 18. Mahakama ina haki ya kuzisikia namba hizo kutoka kwa mtaalamu mwenyewe, kabla hajashuka kizimbani.

Vinasaba je? Hivyo si ndivyo visivyokosea? (Msomaji, Mwanza)

Vinasaba vina msingi imara kuliko vingine vyote, na ndivyo vilivyowafichua hao wengine. Hata mara ya kwanza vilipotumiwa katika upelelezi wa mauaji, huko Leicester nchini Uingereza miaka ya 1980, vilianza kwa kumwondoa kijana aliyekuwa amekwisha kukiri kosa ambalo hakulitenda.

Ila vinasaba hujibu swali moja tu, nalo ni chembe hizi zinaweza kuwa za nani. Havisemi zilifikaje pale. Mwaka 2012, huko California, vinasaba vya mtu mmoja asiye na makazi vilikutwa kwenye kucha za tajiri aliyeuawa nyumbani kwake. Akawekwa rumande miezi kadhaa akikabiliwa na shtaka la mauaji, mpaka wakili wake alipopekua kumbukumbu na kukuta kwamba usiku ule mshtakiwa alikuwa hospitali, amelazwa kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu, na vinasaba vilisafiri nao. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme mtaalamu anaeleza kwamba, kwa kuwa sampuli imeharibika, mpangilio alioupata unaweza kukutwa kwa mtu 1 katika kila 100,000. Mwendesha mashtaka atataka isikike kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni 1 katika 100,000. Hesabu haisemi hivyo. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5. Kwa hiyo jijini humo pekee wapo wapatao 50 wenye mpangilio huo. Kama hakuna ushahidi mwingine wowote unaomhusisha, mshtakiwa ni mmoja kati ya hao 50. Ushahidi mwingine ukiwepo mambo hubadilika, lakini hapo unaobeba mzigo ni huo mwingine.

Mdogo wangu ameshtakiwa na hana wakili. Kesi inategemea PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari) na ripoti ya Mkemia Mkuu. Tunaambiwa ripoti ya serikali haipingwi. Ni kweli? (Dada mwenye wasiwasi, Kigoma)

Pole sana dada. Si kweli. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu ripoti ya daktari au ya mkemia kupokelewa bila mwenyewe kufika, lakini kuhusu ripoti ya daktari inaitaka mahakama imweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kuomba daktari huyo aitwe ahojiwe, na akiomba, mahakama haina hiari, lazima imwite. Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi kwenye kumbukumbu kwa sababu tu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo. Kwa hiyo hakimu atakapomuuliza mdogo wako kama ana pingamizi, asijibu "sina" kwa heshima au kwa woga. Aseme: naomba daktari aitwe.

Nyaraka ikishapokelewa kuwa kielelezo ni lazima isomwe kwa sauti mahakamani, ili mshtakiwa ajue imesema nini. Hilo nalo limewahi kuzitengua hukumu. Na kwa kilichopelekwa kwa mkemia, mwambie afuatilie njia kilimopita: nani alikichukua, nani alikifunga na kukiwekea lakiri, kilikaa wapi, nani alikipeleka maabara, na kila kukabidhiana kuliandikwa wapi. Tangu uamuzi wa Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, mlolongo huo wa utunzaji ndio jambo ambalo mawakili wetu wa utetezi hulitazama kwanza. Hata hivyo, haya hayatoshi kuwa badala ya wakili. Nendeni kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nanyi kabla ya tarehe ijayo.

Wasomaji wa Kenya wanaotumia fomu ya P3 wasome kifungu cha 77 cha Sheria yao ya Ushahidi, kinachoipa mahakama uwezo wa kumwita aliyeandika ripoti. Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliamua 2009, katika kesi ya Melendez-Diaz, kwamba cheti cha maabara kisichukue nafasi ya mchunguzi mwenyewe kizimbani. Unaweza kushangaa kwamba walichelewa hivyo.

Tunafundishwa kwamba Marekani jaji ni bawabu wa sayansi kwa mujibu wa kesi ya Daubert. Je, Afrika Mashariki tuige? (Mwanafunzi wa sheria, Mombasa)

Swali lako linanirudisha darasani, na nitalijibu kwa tahadhari. Daubert, ya 1993, ilikuwa kesi ya madai: wazazi walidai kwamba dawa ya kichefuchefu kwa wajawazito ndiyo iliyosababisha watoto wao kuzaliwa na kasoro za viungo. Mahakama ya Juu ikasema jaji asiupokee ushahidi wa mtaalamu kabla hajaridhika kwamba njia yake inategemeka: imejaribiwa, imepitiwa na wanasayansi wengine, kiwango chake cha kukosea kinajulikana, na inakubalika katika fani yake. Kwa maandishi ni kanuni nzuri. Kwa vitendo, mabawabu hao wamekuwa wakali kwa wadai wanaoshtaki makampuni, na wapole mno kwa wataalamu wa upande wa mashtaka. Ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya 2009 ilisema waziwazi kwamba, ukiondoa vinasaba, hakuna njia iliyokuwa imethibitishwa kikamilifu kuweza kumhusisha mtu mmoja mahususi na kielelezo. Na bado ushahidi wa alama za kung'atwa kwa meno uliendelea kupokelewa. Desemba 2023 kanuni yao ya 702, inayohusu ushahidi wa wataalamu, ilirekebishwa tena, safari hii kwa shabaha ya kuzuia mtaalamu asitoe hitimisho linalozidi njia aliyoitumia. Unaona kwamba wamerudi palepale pa maneno.

Sisi tuna urithi mwingine. Sheria zetu za ushahidi zilichukuliwa kutoka India ya wakoloni, zikamkaribisha mtaalamu katika mambo ya sayansi, sanaa, sheria ya kigeni, mwandiko na alama za vidole, kisha zikamwachia hakimu kupima uzito. Kipimo chenyewe tulikipata Edinburgh. Katika kesi ya Davie ya 1953 jengo lilidaiwa kupasuka kwa baruti za waliokuwa wakichimba mfereji wa majitaka, na mtaalamu wa baruti akatoa maoni ambayo hakuna mtaalamu mwingine aliyeyapinga. Waliomleta wakasema basi mahakama imefungwa nayo. Mahakama ikakataa: kazi ya mtaalamu ni kumpa jaji vigezo vya kisayansi ambavyo kwa hivyo jaji mwenyewe ataweza kupima kama hitimisho ni sahihi. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliyachukua maneno hayo katika Mutonyi dhidi ya Jamhuri, 1982.

Mimi naona kwamba hatuhitaji kuagiza Daubert. Tunahitaji kuitumia Mutonyi kama ilivyoandikwa. Mtaalamu anayesimama na kusema "nimechunguza, nimeridhika kwamba ni yeye", asieleze alitazama nini na njia yake hukosea mara ngapi, hajatoa kigezo chochote, na hakimu anayemkubali kwa sababu hakupingwa amerudia kosa lililokataliwa Edinburgh. Tena sisi tuna nafasi ambayo Wamarekani hawana: kwao jopo la raia hutamka tu "ana hatia", wakati hakimu wetu analazimika kuandika sababu. Hukumu zenyewe zinasomwa bure kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law. Kama unatafuta mada ya tasnifu, kusanya hukumu za miaka kumi zilizotegemea ripoti ya mtaalamu, utazame ni katika ngapi hakimu alieleza kwa nini aliikubali. Mienendo ya kesi itakusumbua kuipata, ila anza na hizo.

Kuna hati ya mauziano ya shamba yenye saini inayodaiwa kuwa yangu, na si yangu. Mahakama imeagiza mtaalamu wa maandishi. Nimpe nini? (Mkulima, Moshi)

Mpe saini zako halisi za miaka ileile iliyoandikwa kwenye hati, ulizoziweka bila kufikiria kesi: fomu za benki, daftari la chama cha ushirika, risiti za ada za watoto, fomu za hospitali. Zikiwa nyingi ni bora, kwa sababu mtaalamu anatafuta jinsi saini yako inavyobadilikabadilika kwa kawaida, na saini moja haiwezi kumwonyesha hilo. Usikae mezani leo usiku ukaandika 20 mpya za kumpelekea. Akitaka za mbele yake atakuagiza mwenyewe. Ukiweza, ipatikane hati yenyewe ya mauziano, maana kwenye nakala ya fotokopi hauonekani mgandamizo wa kalamu wala mahali mkono uliposita. Maoni yake hayatamfunga hakimu: katika kesi moja ya wosia ya miaka ya 1990, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema maoni ya mtaalamu wa mwandiko hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Kwa hiyo walete pia majirani wa mpakani na waliotajwa kuwa mashahidi wa hati hiyo. Na ripoti ikitoka, kabla ya kutazama mstari wa mwisho, tazama kama imetaja alilinganisha saini ngapi na aliona tofauti zipi. Kama haikutaja, wakili wako aanze kumhoji hapo.